Mahali Ambapo Mkono Wake Haukufika

Kijijini tulimwita Mkunga, na jina hilo lilimtosha. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka sita, wanawake wawili, kwenye nyumba za watumishi zilizojengwa kati ya shule na zahanati, mimi nikiwa mwalimu wa darasa la pili, yeye akiwa mkunga wa kijiji chetu na vijiji viwili vya jirani. Wengine wakimsimulia mtu huanzia alikozaliwa. Mimi naanza na mgongo wake, kwa sababu hakuna aliyeujua mgongo ule kama mimi.

Ulikuwa mpana, wa mtu aliyebeba maji na kuni tangu utoto. Kuanzia kwenye mabega hadi kiunoni ulikuwa na mabaka makubwa ya rangi ya zambarau iliyokolea, na juu ya mabaka hayo magamba meupe yaliyopukutika ukiyagusa, kama samaki anapoparuliwa. Magamba mengine yalikuwa kwenye viwiko, kwenye magoti, kichwani chini ya kitambaa, na nyuma ya masikio. Hayo yote aliweza kuyapaka dawa mwenyewe. Mgongoni mkono haukufika.

Nilikuwa sina hata wiki mbili kijijini alipobisha hodi jioni moja, ameshika kopo.

"Mwalimu," alisema, "wewe una mikono miwili, na mimi nina mgongo ambao siuoni. Nisaidie. Hauambukizi. Kama unaogopa sema sasa hivi, nitarudi kwangu wala sitakuchukia."

Niliogopa, lakini niliona aibu kusema. Nikampaka. Kesho yake niliamka nikaitazama mikono yangu kwenye mwanga wa dirisha, kidole kimoja kimoja. Keshokutwa sikuitazama tena. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kula, alikuja na kigoda chake, akakaa kunipa mgongo, na mimi nikampaka huku tukizungumza habari za shule, za mwenyekiti wa kijiji, za nani amejifungua na nani amepitisha siku zake.

Dawa zake alizitunza kwenye kasha la chai chini ya kitanda. Kulikuwa na mafuta meupe ya kulainisha magamba, ambayo lazima yatangulie. Bila hayo, alisema, dawa nyingine yoyote ni sawa na kupaka rangi juu ya kutu. Kisha ilifuata dawa ya lami, nyeusi, nzito, yenye harufu ya barabara inayotengenezwa, aliyopewa hospitali ya mjini Mwanza. Lami ile ilituliza mwasho na kupunguza magamba, lakini ilichafua kila kitu. Mashuka yake yalikuwa na madoa kama ramani, na alikuwa na gauni moja kuukuu la kulalia ambalo hata ungelichoma moto, alisema, lingekataa kuungua kwa ukaidi. Dawa ilipokwisha hospitalini, na katika miaka ile ilikwisha mara nyingi, alipaka samli, au mafuta ya pamba aliyoletewa na madereva wa kiwanda cha pamba. "Dawa nzuri kuliko zote," alizoea kusema, "ni ile uliyonayo leo."

Mwaka mmoja mvuvi alimshauri ajaribu mafuta ya samaki. Akajaribu siku tatu. Siku ya nne alitoka zahanati akiwa na paka watano nyuma yake, wamepanga mstari, na watoto wangu wa darasa la pili wakatoka madirishani kushangilia. Aligeuka, akawaambia wale paka kwa sauti ya kiserikali, "Foleni inaanzia pale," akiwaonyesha duka la ushirika. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mafuta yale hakuyapaka tena.

Nyuma ya nyumba yake alijenga ua wa matete mrefu kuliko mtu. Asubuhi jua likianza kupata nguvu, kabla ya kwenda kazini, aliingia humo akavua nguo ya juu, akalipa jua mgongo wake kwa muda wa kuchemsha chai. Jua lilimsaidia kweli. Kiangazi mabaka yalipungua, masika yakarudi. Watu waliopita njiani waliona matete tu, wakasema Mkunga ana madawa yake humo ndani, wengine wakasema ana nyoka.

Alikuwa na macho ya kuona mambo ambayo wenye elimu kubwa kuliko yeye hawakuyaona. Mimi nilidhani ugonjwa unakuja na kuondoka upendavyo. Yeye aligundua kwamba kila akiugua malaria na kumeza klorokwini, baada ya wiki chache mwili mzima unalipuka. Alimweleza mganga wa zahanati, akamcheka. Akamweleza daktari mmoja mjini, akamwambia asichanganye mambo. Hakubishana nao. Akawa analala kwenye chandarua alichokishona mwenyewe kwa vipande vya magunia ya sukari na kitambaa cha pazia. Miaka ikapita mpaka akaonana na daktari wa ngozi, mzee mpole aliyekuwa akipita mikoani. Kabla hajasema neno yule mzee akamuuliza, "Mama, ukimeza klorokwini inakuwaje?" Alirudi kijijini siku hiyo anatembea kama amepandishwa cheo. "Mwalimu, ameniuliza!" aliniambia mlangoni, hata kabla ya kuweka mfuko chini. "Ameniuliza mwenyewe!"

Daktari huyo alimwambia jina la ugonjwa, jina refu la kigeni alilolitamka vizuri kuliko mimi. Akamwambia pia kwamba haukutokana na uchafu wala laana wala damu mbaya, na kwamba hauponi, hutulizwa tu. Jioni ile nilipokuwa nampaka alisema, "Basi hauui. Unakaa tu, kama mgeni asiyeaga."

Hata hivyo yeye huyohuyo, aliyewagombeza akina mama wanaowapeleka watoto kwa waganga wa kienyeji, alikwenda kwa mmoja wao. Mwenyewe aliniambia, tena kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyempeleka. Ilikuwa kabla sijafika kijijini. Mganga alimchanja kwa wembe mgongoni, chale ndogondogo kwa mistari, akasugua unga mweusi. Ugonjwa ule una tabia moja: ngozi ikiumizwa, unaota palepale. "Ukiukwangua unazaa," alisema. Chale zote zikaota magamba. Kwenye mgongo wake, chini ya bega la kushoto, ilibaki mistari sita iliyonyooka sawasawa kama ya daftari, nami kila jioni nilipitisha kidole juu yake.

Alikuwa na mdomo mkali. Mwanamke aliyechelewa kliniki alisemwa mpaka akatamani kurudi tumboni mwa mama yake. Wanaume waliowakataza wake zao kuja kupimwa aliwafuata mpaka mashambani na kuwaita kwa majina ya baba zao. Lakini mtoto akishatoka, sauti yake ilibadilika. Alimpokea akimwongelesha kwa upole, akimwuliza habari za safari. "Karibu. Umesafirije? Pole na njia." Nimesimama mara nyingi nje ya zahanati nikasikia maneno hayo, na kila mara nilijua kwamba ndani mambo ni salama.

Alipenda nguo nzuri. Kwenye sanduku lake lilikuwamo gauni la mikono mifupi, la maua ya njano, aliloshonesha mjini na kulikunja. Mwaka mmoja ndugu yake aliyefanya kazi melini alimletea kijitube cha dawa kutoka ng'ambo, mafuta meupe yasiyo na harufu. Baada ya wiki moja nilishangaa. Chini ya vidole vyangu kulikuwa na ngozi laini. Jumapili hiyo alivaa gauni la njano akaenda kanisani, akatoka, akapita sokoni bila haja yoyote, akapita tena. Alinunua nyanya mbili. Alimsalimia kila mtu kwa kunyoosha mkono wote mpaka begani. Kijitube kilikwisha siku ya kumi na nane. Ugonjwa uliporudi ulirudi na hasira, ukashika hata mahali ambapo haukuwahi kufika, viganjani. Gauni la njano likarudi sandukuni. Sikuliona tena, wala yeye hakulitaja.

Viganja ndivyo vilivyomponza. Magamba ya viwiko huzibwa na shati, lakini mkunga hawezi kuficha mikono. Alivaa mipira ya mikono, ile iliyochemshwa na kutumiwa tena mpaka ikawa na viraka, lakini akina mama waliona pale alipoivua. Maneno yakaanza kisimani. "Usimkaribie, ule ni ukoma," mama mmoja alimwambia mwenzake mbele yangu. Nikamwambia si ukoma. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayesikia mtoto akibisha.

Wiki tatu mfululizo hakuna aliyekuja kujifungulia zahanati. Mwanamke mmoja alijifungulia jikoni kwake, akashikwa na homa, nusura afe. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Watu walijaa uwanja wa shule. Mkunga alisimama amevaa sare yake nyeupe, akakunja mikono ya shati juu ya viwiko, akaonyesha magamba yake hadharani. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Kisha akatoa sindano ya kushonea.

"Mnasema nina ukoma," alisema. "Mwenye ukoma hasikii maumivu penye baka. Wazee mnajua. Haya, njoo yeyote anichome."

Hakuna aliyesogea.

"Njoo, mwenyekiti. Wewe ndiye uliyetuita."

Mwenyekiti akacheka kwa aibu akitazama viatu vyake. Basi Mkunga akajichoma mwenyewe, katikati ya baka la kiwiko, kwa nguvu. Akasema "Aah!" na damu ikatoka, chembe moja nyekundu, kisha nyingine. Watu wakaguna. Halafu mzee mmoja akaanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukafuata, wanawake wakapiga vigelegele. Alirudi nyumbani akitabasamu. Jumatatu wakaja akina mama wawili, na baadaye wengine, kidogokidogo. Lakini wako ambao hawakurudi kamwe. Walipiga makofi, wakaenda kuzalia kwingine.

Aliwahi kuolewa. Habari hizo alinipa mara moja tu, nikiwa nyuma yake ambapo hakuuona uso wangu. Alipopata mimba magamba yalitoweka yote. Mumewe akafurahi, akasema ndoa imemponya. Alikuwa na miezi tisa ya ngozi ya mtoto mchanga. Mwezi wa pili baada ya kujifungua yakarudi, na mume akamchukua mtoto wao wa kiume, akampeleka kwa mama yake upande wa Musoma ili asiendelee kunyonya. "Maziwa yalinitoka wiki tatu," alisema. "Nilikuwa nakamulia kwenye bakuli." Nikauliza kwa nini hakumfuata. "Niliwaza kwamba labda wana haki," alijibu. "Ndio ujinga wangu mkubwa maishani, mwalimu. Niliwaamini kuliko ninavyojijua."

Nilipaswa kuyakumbuka maneno hayo.

Mwaka wa nne nikapata mimba. Mume wangu alikuwa karani wa kiwanda cha pamba wilaya nyingine, akija mwisho wa mwezi. Mimi na Mkunga tuliitazama mimba ile kama yetu sote wawili. Alinipima mwenyewe, jioni, baada ya mimi kumaliza kumpaka dawa. Akawa anasema mtoto ni mkorofi, anapiga mateke kama mshambuliaji.

Mwezi wa nane mama mkwe wangu akaja kutoka Bukoba kunisaidia. Alikuwa mwanamke mwema, msafi, mwenye sala. Jioni ya kwanza akaona Mkunga anaingia na kigoda chake, akaona ninachofanya. Alingoja mgeni aondoke. Kisha akachemsha maji, akaniambia ninawe mpaka viwikoni.

"Mama, hauambukizi," nilisema.

"Mikono ile ndiyo itakayompokea mjukuu wangu?"

"Ni mkunga mzuri, mama. Kijiji chote..."

"Sikukuuliza uzuri wake."

Nilijua ukweli. Kwa miaka minne vidole vyangu vilikuwa vimepita kwenye magamba yale kila siku na havikuota hata kipele. Nilikuwa shahidi wa kwanza kuliko watu wote wa wilaya ile. Nami nikanyamaza. Kesho yake nilimwambia Mkunga kwamba mume wangu anataka nikajifungulie hospitali ya mjini, kwa sababu ni mimba ya kwanza. Nilisema nikitazama ukuta.

Akaniambia nilale kitandani. Akanipapasa tumbo polepole, juu, pembeni, chini.

"Ni sawa," alisema. "Tena ni vizuri. Ametanguliza matako, kichwa kiko huku juu kwenye mbavu. Anaweza kugeuka, anaweza asigeuke. Nenda mapema, mwalimu. Wiki hii hii. Usisubiri uchungu ukukute hapa."

Alijua. Alijua nadanganya, na bado akanipa ushauri wa kuniokoa. Hakuja jioni ile na kigoda, wala kesho yake. Nikasema moyoni, amekasirika, zitapita.

Hatukwenda wiki ile. Lori la ushirika halikuwa na mafuta, na wiki iliyofuata lilikuwa bovu, na mimi sikusukuma mambo kama nilivyopaswa. Uchungu ulinianza alfajiri moja. Mlango wa Mkunga ulikuwa hatua chache kutoka kwangu. Mama mkwe alisimama kati yangu na mlango, akasema, "Trekta la kijiji liko tayari, nimeshaongea nao." Nilimtazama. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, niliyewafundisha watoto kusema ukweli. Nikapanda tela.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijijini, mbugani, trekta likazama mpaka ekseli. Dereva akaenda kutafuta watu wa kulikwamua, akamtuma mwanawe akimbie kijijini. Mtoto alianza kuja pale pale, kwenye tela, juu ya magunia, jua likiwaka. Miguu ilitoka, kiwiliwili kikatoka, kichwa kikakwama. Mama mkwe alivuta, akalia, akasali kwa Kihaya. Ninakumbuka mbingu nyeupe, na ng'ombe wa mtu wakitutazama. Baada ya hapo sikumbuki.

Nilipozinduka Mkunga alikuwa amepiga magoti kati ya miguu yangu, matope mpaka kifuani. Mtoto wa dereva alikuwa amerudi kijijini mbio kutafuta kamba, habari ikamfikia Mkunga zahanati, naye akachukua baiskeli ya mganga wa zahanati. Hakuwa na mipira ya mikono. Alikuwa ameingiza mkono wenyewe, ule wenye magamba, kutoa kondo la nyuma lililogoma, na kwa mkono mwingine anakanda tumbo langu kuzuia damu. Alikuwa anahema. Hakusema neno lolote isipokuwa, "Usilale. Nitazame mimi. Usilale."

Niliishi. Mtoto alizikwa siku hiyohiyo kabla sijaweza kusimama. Mama mkwe alisema si vizuri mama kumwona wa kwanza aliyekufa, kwamba atamfunga tumbo asizae tena. Sikuwa na nguvu ya kubisha, na nilikuwa nimeshazoea kutobisha. Aliniambia tu kwamba alikuwa wa kiume.

Siku arobaini Mkunga alikuja asubuhi na jioni, akanichoma sindano, akanikanda kwa maji ya moto, akanifunga matiti. Alifanya yote kama anavyomfanyia mgonjwa yeyote, vizuri, bila kosa, na bila maneno. Nilingoja anitukane. Mdomo ule mkali niliokuwa nauhofia sasa niliutamani. Haukufunguka. Mara moja nilianza kusema, "Dada, mimi..." akaniwekea kipimajoto mdomoni.

Nilipopona nilimwambia jioni moja, mlangoni kwake, "Dada, leta kopo nikupake."

"Ahsante, mwalimu. Siku hizi nafika mwenyewe."

Sikuelewa mpaka asubuhi moja nilipopita nyuma ya nyumba yake na upepo ukawa umelaza matete. Alikuwa amekaa juani, amepata fimbo ya mti kama ya kuchungia mbuzi, ncha yake ameifunga kitambaa. Anakichovya kwenye lami, anaipitisha fimbo juu ya bega, anapapasa. Alikuwa anapaka mahali ambapo hapakuwa na baka, na penye baka anapapita. Nilisimama pale nikaona dawa inavyotiririka mpaka kiunoni. Ningeweza kubisha hodi. Niliondoka kwa kunyata.

Tuliishi hivyo mwaka mmoja na nusu zaidi, tukisalimiana. "Shikamoo, dada." "Marahaba, mwalimu, za kazi?" Kisha nikahamishiwa shule ya Ilemela, na siku ya kuondoka alikuja kunisaidia kufunga godoro. Alifunga mafundo mazuri, yasiyofunguka njiani.

Mungu alinipa watoto wengine watatu, wote hospitalini mjini, mikononi mwa wakunga ambao sikumbuki hata sura zao. Sabuni ikaadimika, sukari ikaadimika, vita vikaja vikaisha. Nilisikia kwamba Mkunga amestaafu kabla ya wakati, kwamba yuko Nansio kwa ndugu zake. Kila mwaka nilisema nitakwenda. Ukerewe si mbali, meli hutoka kila siku. Nilikwenda mama mkwe alipokwisha kufariki, na ukweli ni kwamba kabla ya hapo nisingeweza.

Nilimkuta kibarazani, kwenye kiti cha kamba, binti wa dada yake akipepeta mtama karibu naye. Alinitambua kwa hatua kabla sijafika. Ugonjwa ulikuwa umeshuka kwenye viungo, kama unavyowafanya baadhi ya watu. Vidole vilivimba na kupinda, kila kimoja na upande wake, kucha zimekuwa nene na za njano. Kazi ndiyo iliyokatika kwanza, aliniambia. Hakuweza tena kufunga uzi wa kitovu. Siku hizi alishindwa hata vifungo. Binti huyo ndiye aliyemvisha na kumpaka, kwa mafuta ya nazi dawa isipopatikana. Alinieleza hayo yote bila kulalamika, kama anayemsomea mtu kadi ya mgonjwa.

Tulikunywa uji. Akauliza watoto wangu, majina yao, walizaliwa na uzito gani. Akawakosoa wakunga wa mjini. Kisha binti akaondoka kwenda kuteka maji.

"Dada," nilisema, "siku ile ningekuita wewe..."

"Usiniulize kama angeishi," alinikatiza. "Sikuwepo. Mkunga huongea alichokishika."

"Sikuulizi hilo." Nilikuwa nimelia tayari, bila sauti, machozi yanaingia kwenye kikombe. "Nilijua kwamba si ukoma, nilijua kuliko mtu yeyote, nikakaa kimya. Nimekuja kukwambia hilo tu."

Alitazama njia inayoshuka ziwani.

"Liliniuma," alisema. "Wale wengine hawakuwahi kunigusa. Wewe ulikuwa umenigusa."

Aligeuza kiti kidogo kunielekea, kwa shida, kwa kutumia viwiko.

"Nilipofika alikuwa bado ana joto," alisema. "Wewe ulikuwa umezimia. Kichwa nilikitoa mimi. Nilimpulizia pumzi mdomoni, mama mkwe wako akanivuta nguo akisema nisimwekee mdomo wangu. Nilimsukuma. Nikaendelea kumpulizia mpaka damu yako ilipoanza kutoka nyingi, ikabidi nimweke chini nikushike wewe. Hilo ndilo linalonijia mimi. Kwamba nilimweka chini."

Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia. Nilishika ukingo wa kiti chake.

"Mimi sikumwona," nilisema. "Walimzika. Wewe peke yako ndiye uliyemshika. Dada, alikuwaje?"

Akafumba macho. Niliogopa kwamba hatajibu, au kwamba amesahau. Alikuwa amepokea watoto mamia.

"Mrefu," alisema. "Mrefu kama baba yake. Nywele nyingi, zimeshuka mpaka shingoni, nyeusi, zina mawimbi. Hapa," akanyanyua kidole kilichopinda akajigusa juu ya jicho la kushoto, "alikuwa na alama ndogo nyekundu, ile ambayo ingefutika yenyewe. Sikio la kulia lilikuwa limejikunja juu, kwa sababu alikuwa amelilalia. Nilimnyooshea. Kidevu kilikuwa chako. Mguu mmoja aliukunja, mwingine ameunyoosha, kama mtu anayetaka kushuka kitandani."

"Ulimwambia kitu?"

"Nilimwambia karibu," alisema. "Nikamwuliza habari za safari."